Sanssouci: Je, Aliyeingia Makumbusho Ameingia Nyumba ya Mfalme?

Msomaji wetu mmoja, mwalimu wa historia, ametuandikia hivi: "Nilibahatika kuzuru Sanssouci, mjini Potsdam nchini Ujerumani, kasri lililokuwa makao ya kiangazi ya Mfalme Friedrich wa Pili wa Prusia na ambalo sasa ni makumbusho. Nilitarajia kasri, nikakuta nyumba ndefu isiyo na ghorofa, yenye vyumba vichache. Chumba alimofia mfalme hakifanani hata kidogo na vile vinavyokizunguka. Mapazia yalikuwa yameshushwa mchana wa jua kali, na tiketi yangu ilinipangia hadi saa ya kuingia. Nilitoka nikijiuliza kama nimeiona nyumba ya mfalme, au nimeona maonyesho yaliyotungwa na watu wa makumbusho. Naomba ufafanuzi."

Ndugu mwalimu, nakushukuru kwa swali hili, maana wageni wengi hutoka mahali pale wakiwa na mashaka hayo hayo bila kuyatamka. Jibu langu ni kwamba uliiona nyumba yenyewe, na kwamba karibu kila jambo lililokutia shaka linatokana na ukweli kuwa nyumba hiyo ilijengwa kwa ajili ya mtu mmoja na majira mamoja ya mwaka. Ukiusahau ukweli huo, Sanssouci itaonekana kuwa kasri lililopungukiwa. Ukiukumbuka, vyumba vile vitaanza kukueleza mambo ambayo hakuna maandishi ya ukutani yanayoweza kuyamaliza.

Kwanza, neno "kiangazi" lisitupoteze. Kwetu sisi kiangazi ni kipindi cha jua na ukame ambacho mtu hutafuta namna ya kukivumilia. Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya ni kinyume chake: ni miezi michache ya joto na mwanga mrefu inayosubiriwa mwaka mzima, na mwenye uwezo huiendea nje ya mji, penye bustani. Ndiyo sababu familia nyingi za kifalme zilikuwa na makao ya aina mbili. Friedrich alikaa Sanssouci kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Oktoba, na baridi ilipoingia alihamia kwenye kasri la mjini Potsdam au Berlin, ambako shughuli rasmi za dola zilikuwa na nafasi ya kutosha. Kwa hiyo nyumba uliyoingia haikukusudiwa kubeba uzito wote wa ufalme. Uzito huo ulikuwa na majengo yake.

Jambo la pili ni kwamba bustani ilitangulia nyumba. Mnamo Agosti 1744 mfalme aliamuru kilima kitupu kilichokuwa nje ya mji kichongwe matuta sita, yote yakielekea kusini na kupindishwa kidogo kuelekea ndani ili yakusanye jua. Kwenye kuta za matuta hayo ilipandwa mizabibu iliyoletwa kutoka nchi za kusini, na katikati yake yakaachwa mashubaka yenye milango ya vioo, ambamo miti ya tini na mizabibu ilikingwa na baridi isiyo ya asili yake. Jiwe la msingi la nyumba liliwekwa baadaye, tarehe 14 Aprili 1745, juu kabisa ya matuta, na nyumba ikazinduliwa tarehe 1 Mei 1747 ingawa baadhi ya vyumba vilikuwa bado havijakamilika. Mpangilio huu una maana kubwa. Mfalme hakujenga nyumba kisha akaipambia shamba. Alilima shamba la mizabibu, kisha akajitafutia mahali pa kukaa ndani yake. Hata masanamu 36 ya mchanga-mawe yanayoonekana kubeba paa upande wa kusini ni wafuasi wa Bacchus, mungu wa mvinyo katika hadithi za Warumi, kana kwamba wamepanda kutoka kwenye mizabibu na kusimama ukutani.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako kuhusu udogo na ukosefu wa ghorofa. Msanifu wa jengo, Georg Wenzeslaus von Knobelsdorff, alipendekeza nyumba iinuliwe juu ya msingi mrefu wenye vyumba vya chini, na isogezwe hadi kwenye ukingo wa tuta la juu ili ionekane vema kutoka bondeni. Kwa mtazamo wa ufundi alikuwa na hoja nzito, kwa kuwa nyumba iliyolala juu ya ardhi hunyonya unyevu. Mfalme alikataa. Alitaka kufungua mlango na kukanyaga bustani moja kwa moja, bila kushuka ngazi ndefu, na mchoro alioufanya kwa mkono wake mwenyewe unaonyesha kuwa mpango wa vyumba ulitoka kichwani mwake. Wawili hao hawakupatana, na mwaka 1746 Knobelsdorff aliondolewa katika kazi hiyo. Ukisimama chini ya matuta leo, ukatazama juu, utaona kwamba sehemu ya chini ya jengo imefichwa na ukingo wa tuta, kana kwamba nyumba imezama kidogo. Kwa msanifu hilo lilikuwa kosa. Kwangu mimi ndilo jambo la kweli kuliko yote katika Sanssouci, kwa sababu linaonyesha mtu aliyekubali nyumba yake isipendeze machoni pa anayeitazama kwa mbali, mradi impendeze yeye anayeishi ndani.

Vyumba vyenyewe vimepangwa kwa mstari mmoja. Katikati kuna ukumbi wa kupokelea wageni na nyuma yake Ukumbi wa Marumaru, unaofunguka kwenye matuta. Upande wa mashariki ni makazi ya mfalme: chumba cha kulia na kuzungumzia, chumba cha muziki, chumba cha kazi chenye kitanda chake, na mwishoni maktaba ya mviringo iliyofunikwa kwa mbao za mwerezi, yenye vitabu takribani 2,100, vingi kwa Kifaransa, lugha ambayo mfalme aliipenda kuliko Kijerumani. Upande wa magharibi ni vyumba vitano vya wageni. Hakuna chumba cha malkia. Elisabeth Christine, mke wa Friedrich, alikuwa na makao yake ya kiangazi katika kasri la Schönhausen, na Sanssouci haikupangwa kwa ajili ya maisha ya ndoa wala ya familia. Ilipangwa kwa ajili ya mazungumzo ya watu wachache mezani, kwa ajili ya filimbi aliyoipiga mfalme mwenyewe katika chumba cha muziki, na kwa ajili ya kusoma peke yake.

Anayedhani kuwa mfalme alijenga kidogo kwa sababu hakuwa na uwezo na atembee hadi mwisho wa bustani hiyo hiyo. Huko kuna Kasri Jipya, lililojengwa kati ya 1763 na 1769, mara tu baada ya Vita vya Miaka Saba, likiwa na vyumba zaidi ya 200, ili kuionyesha dunia kwamba Prusia haikufilisika kwa vita. Huko ndiko walikolazwa wageni wa heshima na ndiko zilikofanyika sherehe. Friedrich aliendelea kulala katika nyumba ndogo juu ya kilima.

Sasa nije kwenye chumba kilichokutatiza zaidi, kwa kuwa hapo ndipo shaka yako ilipokuwa na haki. Friedrich alifariki asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1786, akiwa ameketi katika kiti cha mikono ndani ya chumba chake cha kazi na kulala. Mpwa wake aliyemrithi, Friedrich Wilhelm wa Pili, hakupoteza muda. Aliamuru chumba hicho kibadilishwe, na msanifu Friedrich Wilhelm von Erdmannsdorff akaondoa nakshi zilizopindapinda za mtindo wa Rokoko, akaweka mistari iliyonyooka na nguzo za mtindo mpya uliorejelea Ugiriki na Roma ya kale. Kilichosalia mahali pake kutoka enzi ya Friedrich ni sehemu ya kuotea moto. Hiyo ndiyo sababu unatoka katika chumba cha muziki, ambacho dari yake ina nakshi za dhahabu zinazotambaa kama mimea na kuta zake zina michoro ya mchoraji Antoine Pesne ya hadithi za Ovid, mshairi wa Roma ya kale, kisha unavuka kizingiti na kuhisi kana kwamba umeingia nyumba ya mtu mwingine. Hakika umeingia nyumba ya mtu mwingine, kwa maana ya kwamba mrithi alikuwa na haki ya kubadilisha alichorithi, naye aliitumia.

Je, watu wa makumbusho wangefanya nini? Wangeweza kubomoa kazi ya Erdmannsdorff na kujenga upya chumba cha Friedrich kwa kufuata michoro ya zamani. Wapo wanaoamini kuwa hilo ndilo lingekuwa jambo la haki kwa mfalme. Mimi siliungi mkono, na nitaeleza kwa nini. Chumba cha Erdmannsdorff ni kitu cha kweli cha mwaka 1786, kilichotengenezwa na mikono ya wakati huo. Chumba kilichojengwa upya leo kingekuwa kitu cha leo kilichovaa nguo za 1747. Kubomoa cha kweli ili kupata nafasi ya kuweka mfano ni hasara isiyorudishika. Njia iliyofuatwa ilikuwa ya kiasi zaidi: kuta ziliachwa na historia yake, huku samani za Friedrich zilizopatikana zikirudishwa chumbani kwa hatua, kikiwemo kiti alichofia. Kwa hiyo chumba hicho kina enzi mbili zinazoishi pamoja bila kupatana, na mwongozo mzuri huwaeleza wageni hivyo badala ya kuwaacha wakisie.

Chumba kingine kinachohitaji tahadhari ni kile cha nne cha wageni, chenye kuta za manjano zilizojaa ndege, maua na matunda yaliyochongwa na kupakwa rangi kati ya 1752 na 1753. Kwa kawaida huitwa chumba cha Voltaire. Ni kweli kwamba mwandishi huyo wa Ufaransa alikaa na mfalme Potsdam kuanzia 1750 hadi 1753, na kwamba alikuwa mgeni wa meza ya Sanssouci. Lakini jina la chumba lisichukuliwe kuwa ushahidi kwamba alilala humo, hasa ukizingatia kuwa mapambo yale yalikuwa bado yanachongwa wakati urafiki wao unaelekea kuvunjika. Huu ni mfano mzuri wa namna makumbusho yanavyorithi majina pamoja na samani, na majina ni magumu zaidi kuyahifadhi kwa uaminifu.

Tukifika kwenye suala la lini nyumba ikawa makumbusho, tarehe moja haitoshi. Friedrich Wilhelm wa Nne, aliyetawala kuanzia 1840, alimheshimu sana Friedrich na kupenda mahali hapo. Aliongeza mbawa mbili za pembeni kwa ajili ya jikoni na watumishi wake, akaishi humo, na akafia humo mwezi Januari 1861. Mjane wake, Elisabeth, alifariki mwaka 1873, na baada ya hapo Kaisari Wilhelm wa Kwanza aliruhusu jengo litumike kama makumbusho. Kwa hiyo hata kabla ufalme haujaanguka, Sanssouci ilikuwa tayari mahali pa kumbukumbu, ikionyeshwa kwa wageni na ukoo ule ule ulioimiliki. Mapinduzi ya 1918 yaliuondoa ufalme. Mgawanyo wa mali kati ya dola na ukoo wa kifalme wa Hohenzollern ulikamilishwa mwaka 1926. Na mwaka 1927 ikaundwa idara ya serikali ya Prusia ya kusimamia makasri na bustani. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo lililoiokoa nyumba. Makasri mengi duniani yaligeuzwa makumbusho baada ya kuporwa au kukaa ukiwa kwa miaka, na wahifadhi wakaanza kazi na kuta tupu. Hapa, kati ya makazi na makumbusho hapakuwa na pengo.

Vita Kuu ya Pili, hata hivyo, vilitikisa kila kitu. Kazi za sanaa zilipelekwa kufichwa katika kasri la Rheinsberg na katika mgodi wa chumvi wa Bernterode. Mabomu ya tarehe 14 Aprili 1945 yaliharibu sehemu kubwa ya katikati ya Potsdam, lakini Sanssouci haikuguswa. Vitu vilivyokuwa Rheinsberg vingi vilichukuliwa kwenda Muungano wa Kisovieti, na sehemu tu ikarudi mwaka 1958. Vilivyokutwa Bernterode vilichukuliwa na Wamarekani na hatimaye vikawekwa katika kasri la Charlottenburg, Berlin Magharibi. Nchi ilipogawanyika, nyumba ikabaki Mashariki na sehemu ya mali yake ikabaki Magharibi, umbali wa kilomita chache na mpaka mzima katikati. Fikiria maktaba ile ya mwerezi: rafu zilikuwa upande mmoja, vitabu upande wa pili, hadi viliporudi mwaka 1992 baada ya Ujerumani kuungana. Mgeni anayeona vitabu hivyo nyuma ya vioo huamini kuwa havijawahi kusogea.

Mwili wa mfalme nao ulihangaishwa vivyo hivyo. Aliagiza azikwe kwenye tuta la juu, kando ya mbwa wake, bila fahari. Mrithi alikaidi na kumzika katika kanisa la kijeshi mjini, karibu na baba ambaye Friedrich alikuwa amekosana naye vibaya ujanani. Wakati wa vita jeneza lilihamishwa mara kadhaa, likapitia mgodi ule ule wa Bernterode, kisha Marburg, kisha ngome ya ukoo ya Hohenzollern, na likarudi Sanssouci tarehe 17 Agosti 1991, miaka 205 kamili tangu kifo chake. Kaburi ni bamba la jiwe lisilo na mapambo, na wageni huweka viazi juu yake kukumbuka juhudi zake za kueneza zao hilo. Ukipita pale tena, tazama mabamba madogo ya mbwa yaliyo kando. Wahifadhi hawakuyaweka kwa ajili ya watalii, yalikuwapo kabla yao.

Yamebaki mapazia na saa ya tiketi. Hapa naomba uelewe shida ambayo mhifadhi wa makao ya kiangazi anayo kuliko mwenzake wa kasri la kawaida. Nyumba hii ilibuniwa ifunguliwe: milango mirefu ya vioo iachwe wazi, jua liingie, upepo upite, na ilipofika Oktoba ifungwe na kupumzika hadi majira yajayo. Makumbusho yameigeuza kuwa nyumba ya miezi kumi na miwili. Hariri ya kutani, iliyotiwa rangi za mimea, hupauka kwa mwanga, na kupauka huko hakuna dawa. Kila saa ya jua hujumlishwa na zile zilizopita. Pumzi na nguo zenye mvua za wageni huongeza unyevu, mbao hutanuka na kusinyaa, na dhahabu iliyobandikwa juu yake huachia kidogo kidogo. Unyevu wa ardhini, ule alioutabiri Knobelsdorff, haujaondoka. Katika kasri la vyumba 200 umati hutawanyika; katika vyumba visivyozidi kumi na viwili vilivyopangwa mstari mmoja hauna pa kwenda. Kwa hiyo mapazia yale na saa ile si njia ya kukuficha nyumba. Ndiyo bei ya kuiacha ikiwa na hariri na mbao zake halisi badala ya kuweka nakala zinazostahimili jua. Nakiri kwamba bei hiyo ni kubwa, kwa kuwa kinachopotea gizani ndicho alichokitaka mfalme, yaani kuliona shamba lake kutoka kitini.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa kila mgeni ni kwamba asianze na vyumba. Bustani huingiwa bila kiingilio. Aanzie bondeni, kwenye bwawa kubwa, apande ngazi 132 polepole akitazama nyumba ikizama na kuibuka, kisha aingie ndani akiwa bado ana mwanga machoni. Katika bwawa hilo yapo maji yanayoruka juu, ambayo Friedrich hakuyafurahia maishani mwake. Alijenga tangi juu ya kilima cha jirani, akalipambia magofu ya bandia, akatumia fedha nyingi kwa vinu vya upepo na mabomba, na karibu yote yakashindwa. Maji yaliruka ipasavyo mwaka 1842, kwa injini ya mvuke ya nguvu-farasi 81 iliyotengenezwa na kiwanda cha August Borsig, ikavuta maji ya mto Havel hadi tangini. Jengo la injini hiyo, kazi ya msanifu Ludwig Persius, lina umbo la msikiti, na mnara wake ni bomba la moshi. Kwa hiyo picha inayopigwa na kila mgeni, ya maji, matuta na nyumba, ni mandhari ambayo mwenye nyumba hakuwahi kuiona.

Na ukipata nafasi ya kurudi, nenda mara mbili: mara moja katika joto na mara nyingine katika baridi. Jengo la picha, ambalo Friedrich alilijenga kando ya nyumba kati ya 1755 na 1764, hufunguliwa katika miezi ya joto tu. Mimea ya vyunguni huondolewa kwenye matuta na kuingizwa katika jengo la kuikinga na baridi, na masanamu ya marumaru yaliyo bustanini hufunikwa moja moja kwa vibanda vya mbao hadi baridi ipite. Nyumba yenyewe hubaki wazi siku hizo, ikiwa na wageni wachache na mapazia yaliyolegezwa kidogo kwa kuwa jua ni hafifu, na ukisimama katika Ukumbi wa Marumaru ukatazama nje utaona mizabibu mitupu, mashubaka yaliyofungwa vioo, na kilima kilivyokuwa kila mwaka mfalme alipokwisha kuondoka.